Ilitulia Julai, Desemba inazima: Maswali ya wasomaji kuhusu kuongeza kasi ya kompyuta

Barua nyingi za safari hii zimetoka kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zina kilio kimoja. Kompyuta ya mezani imeongezwa kasi, au kama vijana wanavyosema imepigwa ovakloki. Mambo yakaenda vizuri kwa muda, kisha ikaanza kuganda, kuzima au kuleta skrini ya bluu. Tunaanza na barua ndefu kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake inawahusu na wengine.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Nahariri video za harusi hapa Chuno, Mtwara mjini. Kompyuta yangu ina Core i7-4790K kwenye mazabodi ya Z97, ramu GB 16 za DDR3, na kipozeo cha mnara mdogo chenye feni moja ya milimita 92. Mwezi Juni niliipandisha hadi GHz 4.6 kwa volti 1.25, nikaipima, ikakubali. Tangu Novemba, nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) kazi ndefu inaniletea skrini ya bluu, mara CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, mara WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Fundi akaniambia niongeze volti. Nimeweka 1.35 na sasa inaanguka mapema zaidi. Rafiki yangu wa Newala ana prosesa hii hii, kasi hii hii, volti 1.25, na haimsumbui. Je, yangu imeharibika?
*Msomaji, Chuno, Mtwara*

JIBU: Ndugu yetu wa Chuno, kwa dalili ulizoandika, prosesa yako haijaharibika. Imeelemewa na joto, na hizo volti ulizoambiwa uongeze ndizo zilizozidisha ubaya.

i7-4790K hutoka kiwandani na kasi ya msingi ya GHz 4.0. Ikijiongeza yenyewe hufika 4.4 pale kiini (core) kimoja au viwili vinapofanya kazi, na viini vyote vinne vikibanwa pamoja hushuka hadi 4.2. Kurenda hubana vyote vinne. Kwa hiyo ulipoweka 4.6 hukuipandisha kwa 0.2. Uliipandisha kwa 0.4, karibu asilimia 10, tena kwenye kazi nzito kuliko zote unazoipa. Kasi ikipanda kwa asilimia 10, joto linalozalishwa nalo hupanda kwa kiasi kama hicho. Volti zina hesabu kali zaidi, kwa sababu joto hufuata kipeo cha pili cha volti. Kutoka 1.25 kwenda 1.35 ni ongezeko la asilimia 8, lakini joto limepanda kwa asilimia 17 hivi, na hujapata hata MHz moja ya ziada.

Wengi hudhani kwamba prosesa ikiwa chini ya nyuzi 100, mahali ambapo 4790K huanza kujipunguza kasi, basi hakuna neno. Kuungua haitaungua, ila kukosea itakosea. Katika GHz 4.6 kila mzunguko mmoja una nanosekunde 0.22 tu. Ndani ya muda huo ishara lazima iwe imetoka upande mmoja wa saketi na kufika upande wa pili. Saketi ikipata moto, ishara huchelewa. Volti zinazotosha kwenye nyuzi 70 huweza kupungua kwenye nyuzi 90. Ishara isipowahi, ama kiini kinanyamaza, na Windows ikikisubiri bila kujibiwa inatoa CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, ama prosesa yenyewe inagundua kosa na kuripoti WHEA, taarifa ya Windows ya kosa la maunzi. Ukiongeza volti kuziba pengo, joto linapanda, pengo linarudi. Kipozeo cha milimita 92 hakina uwezo wa kuutoa moto huo wote.

Sasa utaona kwa nini Juni ilikubali. Wakati wa kusi madirisha yako wazi, upepo unapita, hewa ni nyepesi. Kufika Novemba na Desemba chumba kimefunga joto, na kama juu ni bati bila dari, saa nane mchana ndani ni moto kuliko nje. Kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye hewa inayoingia kwenye kasha huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa, haipungui njiani. Rafiki yako wa Newala yuko juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako hewa ni baridi kuliko pwani. Isitoshe, prosesa mbili za aina moja hazifanani. Moja inatosheka na volti 1.20 kwa kasi fulani, nyingine inataka 1.28 kwa kasi hiyo hiyo. Namba za mwenzako zichukue kama mahali pa kuanzia kutafuta, usizinakili.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu.

Kwanza kabisa ingia BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, chagua Load Optimized Defaults, uhifadhi, kisha urende kazi ile ile inayoanguka, mara mbili. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kama kompyuta inaanguka hata kwenye mipangilio ya kiwandani, ovakloki haihusiki na usiiguse tena. Kosa liko kwenye ramu, umeme, diski au Windows yenyewe. Ikipita salama, endelea.

Pili, weka HWiNFO64, programu inayoonyesha joto na volti, fungua vipimo vyake na uwashe uandishi wa kumbukumbu kwenye faili. Kompyuta ikianguka, mstari wa mwisho wa faili hilo utakuambia ilikuwa nyuzi ngapi na volti ngapi. Bila hilo unakisia. Weka pia kipimajoto cha kawaida cha ukutani karibu na matundu ya kuingizia hewa ya kasha, uandike joto la chumba kila unapopima.

Tatu, kipozeo. Kwetu pwani unyevu hugandisha vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, na kupuliza peke yake hakulitoi. Tumia brashi kavu laini, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Ondoa kipozeo, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha pakauke, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko katikati. Kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo, kona moja kisha kona ya upande wa pili. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, kipozeo kinakaa mshazari na kiini kimoja au viwili vitakuwa moto kuliko wenzao. Hilo utaliona kwenye HWiNFO64. Tofauti ya nyuzi 4 au 5 kati ya viini ni ya kawaida, ila ikizidi 10, fungua urudie. Tunakushauri kwa dhati utafute kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120 na mirija minne ya shaba. Kwa prosesa hii, fedha hiyo itakusaidia kuliko mpangilio wowote wa BIOS.

Nne, mipangilio. Kizazi hiki cha Haswell kina kidhibiti cha volti ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo kina tabia zake. Ukiacha volti kwenye Adaptive, prosesa hujiongezea volti juu ya ulizoweka inapokutana na hesabu za AVX, amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, na programu za kurenda hutumia AVX sana. Wakati wa kupima, weka Manual au Override, ili 1.20 iwe 1.20 kweli. Kizidishi cha kashe, kinachoitwa Ring au Cache Ratio, kiache 40. Kukipandisha hakuna faida utakayoiona kwenye video na huongeza sababu za kuanguka. Volti ya kuingilia, VCCIN, huwa karibu 1.8, iweke 1.85 hadi 1.9, na daima iwe juu ya Vcore, yaani volti ya viini, kwa 0.4 au zaidi. XMP, mpangilio wa kasi ya juu ya ramu, izime kwanza, ramu iende 1600 kwa volti 1.5, ili ukipata kosa usiwe na watuhumiwa wawili.

Tano, panda. Anza na kizidishi 42, yaani GHz 4.2, kwa viini vyote na volti 1.15. Endesha programu ya majaribio ya Cinebench R23 kwa dakika 10, kisha OCCT au Prime95, ambazo huibana prosesa zaidi, kwa saa moja, kisha kazi yako halisi ya kurenda. Ikipita, nenda 43, kisha 44. Ikianguka huku joto likiwa chini ya nyuzi 80, ongeza volti 0.01 au 0.02, si zaidi kwa mara moja. Ikianguka huku joto likiwa 80 au zaidi, au ikifika nyuzi 90 hata bila kuanguka, usiongeze volti hata kidogo; shusha kizidishi kwa moja. Kwa kipozeo ulichonacho usivuke 1.25. Ukipata kile cha milimita 120, mwisho uwe 1.30. Jambo moja kuhusu Prime95: matoleo mapya hutumia AVX2 na huichoma Haswell kuliko kazi yoyote utakayoifanya. Dirisha la jaribio lina kisanduku cha kuzima AVX2. Kizime, AVX ya kawaida iache.

Na upime saa nane mchana, dirisha na feni ya chumba vikiwa kama unavyofanya kazi siku zote. Ukipima usiku wa Julai, bakiza nafasi ya nyuzi 10 chini ya kikomo chako. Ovakloki ya Mtwara isiyopimwa kwenye joto la mwisho wa mwaka hatuihesabu kuwa imepimwa.

Matarajio yetu ni kwamba utatulia kwenye 4.4. Hasara yake ni ndogo mno: kazi iliyokuwa ikichukua dakika 60 kwenye 4.6 itachukua chini ya 63. Harusi ya watu haifai kuharibika kwa ajili ya dakika tatu. Halafu kuna njia ambayo wahariri wengi hawaijui. Prosesa yako ina kadi ya grafiki ya ndani, HD Graphics 4600, yenye Quick Sync, saketi maalumu ya kuandika video za H.264. Kama una kadi nyingine ya grafiki, iwashe ile ya ndani kwenye BIOS, weka draiva yake, kisha chagua Quick Sync kwenye programu yako unapotoa video. Kwa nakala za kutuma kwenye simu inaokoa muda mwingi kuliko ovakloki yoyote. Kwa nakala kuu ya mteja tungeendelea na prosesa, kwa kuwa kwa ukubwa ule ule wa faili picha yake hutoka safi zaidi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi, niko Lindi mjini. Nina Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B450. Niliwasha PBO (mfumo wa AMD wa prosesa kujiongeza kasi) na kuweka Curve Optimizer hasi 30 kwa viini vyote kama nilivyoona kwenye video. Nikicheza gemu au nikiendesha Cinebench haina shida kabisa. Lakini nikiwa nasoma tu PDF, au nimeiacha na kwenda kula, nakuta imejiwasha upya. Kaka yangu anasema ni umeme wa hapa mtaani. Nifanyeje?
*Msomaji, Lindi*

JIBU: Marahaba. Kaka yako anaweza kuwa na haki, ila Windows itakuamulia. Fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha System, uangalie dakika ile iliyozima. Kernel-Power 41 utaikuta kwa vyovyote vile, maana husema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Tafuta kama karibu nayo kuna WHEA-Logger yenye namba 18. Ikiwepo, ni prosesa. Isipokuwepo hata mara moja baada ya matukio kadhaa, na taa au feni ya chumba huyumba muda huo huo, mgeukie umeme.

Sisi tunaitilia shaka ile hasi 30. Curve Optimizer hupunguza volti kwa kila kasi. Mzigo ukiwa mzito kwa viini vyote, kasi yenyewe iko chini kidogo na volti zinatosha. Ukisoma PDF, kiini kimoja hushtuka kutoka usingizini na kurukia kasi yake ya juu kabisa, 4.4 kwa prosesa hiyo, kwa sekunde moja au pungufu. Hapo ndipo volti zilizopunguzwa zinapokosekana. Ndiyo maana Cinebench inakupa moyo wa bure.

Taarifa ya WHEA 18 ina namba ya APIC ID, inayoonyesha kosa limetokea wapi ndani ya prosesa. Igawanye kwa 2 na uache desimali. APIC ID ikiwa 7, ni kiini namba 3, ukihesabu viini kuanzia 0. Hicho ndicho dhaifu. Rudi BIOS, badilisha kutoka viini vyote kwenda kiini kimoja kimoja. Viini viwili bora, ambavyo programu ya AMD ya Ryzen Master huviwekea alama, vipe hasi 10, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyosukumwa hadi kasi ya juu zaidi na vina akiba ndogo. Vingine vipe hasi 20. Kilichotajwa na WHEA kisogeze 5 kuelekea sifuri. Kisha tumia programu ya CoreCycler, ambayo hupima kiini kimoja baada ya kingine kwa mzigo mwepesi wa kasi ya juu. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kila kiini kinachokosea kisogeze 5 tena, urudie. Ni kazi ya siku kadhaa, na hakuna njia ya mkato tunayoiamini. Ukichoka katikati, weka hasi 10 kwa vyote uendelee na masomo.

SWALI: Nilikuwa na vipande viwili vya ramu vya GB 8, DDR4 2666. Nimenunua vingine viwili vya GB 8, DDR4 3200, nikawasha XMP. Sasa programu zinajifunga zenyewe, faili za ZIP zinakataa kufunguka, na skrini ya bluu inasema MEMORY_MANAGEMENT, siku nyingine IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Prosesa sijaigusa. Hii nayo ni ovakloki?
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Ndiyo, XMP ni ovakloki. Ramu ya DDR4 kwa kawaida hufanya kazi kwa volti 1.2. Ile 3200 ya XMP mara nyingi hutaka 1.35, na ni ahadi ya mtengenezaji wa ramu kwa vipande alivyoviuza pamoja kwenye pakiti moja. Vile vyako vya 2666 havikuahidi kitu. Juu ya hapo, vipande vinne humpa mzigo mkubwa kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa.

Kabla ya yote zima XMP leo hii. Ramu inayokosea ni hatari kuliko prosesa inayokosea. Prosesa ikikosea, mara nyingi kompyuta huanguka nawe ukaona. Ramu ikikosea, huandika uchafu kwenye faili zako kimyakimya, na hizo ZIP ni ushahidi. Faili ulizohifadhi au kunakili tangu uwashe XMP zifungue moja moja. Usizitumie kufuta nakala zako za zamani.

Kisha pakua MemTest86, iweke kwenye flashi, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Toleo la bure hufanya mizunguko minne, na kwa GB 32 itachukua saa nyingi, kwa hiyo iache usiku. Kosa moja tu ni kosa. Hakuna idadi ndogo inayovumilika. Anza na vipande vipya viwili peke yao, XMP ikiwa imezimwa, kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo mazabodi nyingi huziita A2 na B2. Vikipita, washa XMP upime tena. Ondoa, weka vya zamani, pima. Kila jozi ikipita peke yake lakini vinne pamoja vikakataa, hakuna kipande kibovu. Viweke vyote vinne 2666 kwa kuandika mwenyewe kasi hiyo, volti 1.2, ukitumia nafasi za muda (timings) za kipande kilicho polepole kuliko vyote. Jaribu 2933 ukipenda, kwa volti 1.35 ikiwa vya zamani vinaandikwa kuvumilia. Tofauti ya kasi katika kazi za kila siku hutaihisi. Ukishatulia, fungua Command Prompt kama msimamizi na uendeshe sfc /scannow, maana huenda faili za Windows nazo zimeguswa.

SWALI: Nina Dell OptiPlex 990 yenye Core i7-2600. Nitaiongezaje kasi?
*Msomaji, Nachingwea*

JIBU: Haiongezeki. Prosesa hiyo haina herufi K mwishoni, kwa hiyo kizidishi chake kina mipaka, na mazabodi ya ofisi kama hiyo haina mipangilio ya ovakloki kabisa. Programu zinazodai kuiongeza ukiwa ndani ya Windows achana nazo. Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD ya SATA. Kama ramu ni GB 4, ifikishe 8 au 16 kwa vipande viwili vinavyofanana. Hapo utaiona imebadilika.

SWALI: Kompyuta yangu ina Ryzen 5 2600 niliyoiweka GHz 4.0 kwa volti 1.35, na kadi ya RX 580. Gemu likianza tu, inazima ghafla kama imechomolewa. Hakuna skrini ya bluu. Pawa saplai imeandikwa 600W, jina lake halifahamiki, na ninatumia UPS ya 650 VA. Joto la prosesa halizidi nyuzi 72.
*Msomaji, Kilwa Masoko*

JIBU: Kuzima bila skrini ya bluu huku joto likiwa sawa kunaelekeza kwenye umeme. Usisome ile 600W iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza pawa saplai, tafuta kwenye lebo mstari wa +12V, uzidishe ampea zake kwa 12. Zikiwa 22, una wati 264 tu. RX 580 peke yake hula hadi wati 185, na prosesa yako kwa mipangilio hiyo huvuka 100 ikibanwa. Jumla imeshapita kabla hujahesabu diski na feni, na kadi za grafiki huruka juu ya wastani wao kwa muda mfupi sana. Kinga ya pawa saplai inakata, nawe unaona giza.

UPS nayo ichunguze. Nyingi za 650 VA hubeba wati chini ya 400, na ukichomeka na monita humo unazidi kuisogeza kwenye kikomo. Betri zake za asidi huisha haraka kwenye joto. Inayodumu miaka minne penye baridi huenda kwetu isifike miwili. Kwa jaribio moja fupi, umeme ukiwa umetulia, ichomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Ikiacha kuzima, UPS ndiyo iliyokuwa ikikata. Ikiendelea, ni pawa saplai. Ukiwa na mita, pima waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya pini nne ya diski wakati gemu linaanza. Inatakiwa kubaki kati ya volti 11.40 na 12.60. Namba ya 12V inayoonyeshwa na programu usiitegemee, mara nyingi si sahihi.

Dawa ni pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550, yenye alama ya 80 Plus na ampea 38 au zaidi kwenye 12V. Ukiwa unajikusanya kuinunua, rudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani na upunguze volti za kadi kupitia programu ya AMD, ukianza na mV 1,100 na kupunguza ukomo wa nguvu. Ikitulia, cheza kwa kiasi. Pawa saplai isiyo na jina iliyobanwa hadi mwisho ikifa, huweza kuondoka na mazabodi.

SWALI: Nilibadilisha kasi ya ramu kwenye BIOS, nikahifadhi. Sasa feni zinazunguka lakini monita haionyeshi kitu. Nimeshaizima na kuiwasha mara nyingi.
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Acha kuizima kwanza. Mazabodi nyingi, hasa za Ryzen, hujaribu kuipanga ramu upya na kujiwasha zenyewe mara kadhaa. Ipe dakika tano bila kuigusa, kwani nyingi hurudi zenyewe kwenye mipangilio ya kiwandani.

Isiporudi, chomoa waya wa umeme ukutani na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Tafuta kwenye mazabodi pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1, uziunganishe kwa kofia yake au kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10. Usipoziona, toa betri ya CR2032, subiri dakika 10, uirudishe, upande wa alama ya jumlisha ukiwa juu. Chomeka umeme, acha kipande kimoja tu cha ramu kwenye nafasi ya A2, washa. Picha ikirudi, weka saa na tarehe, kisha rudisha kipande cha pili.

Ulipoitoa betri, ipime kama una mita. Mpya huwa na volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 2.8, nunua nyingine, la sivyo kila umeme utakapokatika mipangilio yako itafutika na utadhani ovakloki ndiyo iliyokataa.